Chumvi ya Mkwajuni

"Mchota maji hutaja kisima." Mmeisikia leo chuoni, wajukuu zangu, mkadhani ni maneno ya kuwatisha. Kaeni niwape chanzo chake. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini kwa kina Siwema, siku ya harusi kila mwanamke huleta ndoo ya maji, na kabla ya kuyamimina hutaja kisima alikochota. Yenye chumvi ni ya kuoshea vyombo, matamu ni ya kupikia.

Siwema alikuwa mwanachuo, na tasnifu yake ilihusu visima hivyo hivyo. Muda ulipombana, alinakili kurasa nne za tasnifu ya zamani ya Bi Time Faki, neno kwa neno, bila kumtaja. Hata pale Bi Time aliposema, "Maji ya Mkwajuni ni matamu, nimeyaonja mwenyewe," Siwema naye aliandika kayaonja. Hakuwahi hata kuyanawa! Alhamisi akaifunga tasnifu ndani ya bahasha, akamkabidhi msimamizi wake, Mwalimu Haroub. Mwizi wa maandishi chuoni pale hufukuzwa.

Jumamosi binamu yake aliolewa. Siwema akachota Mkwajuni, akamimina kimya kimya kwenye mtungi wa maji ya kupikia.

"Ya kisima gani hayo?" akauliza Bi Mize, mpishi mkuu.

"Mkwajuni, bibi. Matamu."

"Nani kakwambia? Mwaka wa sita huu kimeingia chumvi!" Bi Mize akaonja, akatema. "Mwanangu, kuchota si kosa. Ungetaja kisima, tungejua pa kuyatia. Sasa tunamwaga mtungi mzima."

Wanawake wakacheka, lakini Siwema aliikumbuka tasnifu yake. Zile kurasa nne zilikuwa na jina lake, na chumvi yote ilikuwa yake.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya mwenye ofisi. Akaamkia, akasema yote huku machozi yakimtoka.

Mwalimu Haroub akaitoa ile bahasha. Gundi yake ilikuwa bado imeshika.

"Bahati yako, sijaifungua. Chukua. Kila ulipochota kwa Bi Time, mtaje. Kisha kavionje visima, uandike kwamba Mkwajuni kumebadilika. Hilo yeye hakuliona. Hilo ni lako."

Siwema akaipokea kwa mikono miwili. Alirudi kwao akicheka njia nzima, watu wakamdhani kapagawa.

Alipohitimu, Bi Mize alimuuliza ni elimu gani aliyoipata huko chuoni.

"Ile ile uliyonipa wewe mtungini, bibi," akajibu Siwema. "Mchota maji hutaja kisima."