Kitanda Kisicholalika

Kaeni vizuri, na anayetaka kujinyoosha ajinyooshe, maana hadithi hii ni ya watu waliochoka.

Walikuwa watatu, pale Muheza. Bi Zaituni, karani mstaafu, alijaliwa kuamini. Fundi Semkiwa, mshona magodoro, alijaliwa mikono. Mwanahija, mshereheshaji wa semina za mafanikio, alijaliwa sauti ya kusimamisha ukumbi mzima.

Siku moja Bi Zaituni alimpelekea fundi vitabu arobaini na vitatu vya kutafuta furaha.

"Nimevisoma vyote, miaka kumi na moja," alisema. "Nifanyie godoro. Labda nikivilalia vitaniingia."

Fundi alicheka, akafungua kimoja. Pembeni mwa ukurasa paliandikwa kwa penseli: Mwaka huu nitafurahi. Akafungua kingine. Maneno yale yale, mwaka mwingine. Hakucheka tena.

"Bi Zaituni," alisema, "tutengeneze kitanda kizima, watu wakione."

Bi Zaituni alivichana vitabu mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Alilia, kwa sababu alikuwa anachana tumaini lake, na hakuwa na jingine.

Fundi Semkiwa alizijaza karatasi zile kwenye godoro, akashona chandarua cha beji na vyeti vya semina. Siku arobaini alishona, wateja wakamkimbia, kidole gumba kikavimba mpaka hakikunjiki.

Mwanahija, walipomwita awasaidie, alileta sauti. Daktari alikuwa amemkataza kuipaza, koo limechakaa. Akarekodi hivyo hivyo: "Amka! Washindi hawalali! Amka!" Tangu siku ile ananong'ona tu. Spika wakaificha ndani ya mto, ukijilaza, inaanza.

Kitanda kilipelekwa kwenye maonyesho ya sanaa Tanga. Watu walijilaza, wakacheka, wengine wakainuka kimya. Bwana mmoja mwenye tai alikataa kuinuka. "Niacheni kidogo," alisema, huku mto ukimpigia kelele.

Kitanda kikashinda. Zawadi ilikuwa mwezi mzima wa kupumzika Lushoto, kwenye nyumba yenye ubaridi, chakula unaletewa, hakuna wa kukuamsha. Kwa mtu mmoja tu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina, na gari linaondoka saa kumi alasiri.

Hawakugombana, nguvu hizo wangezitoa wapi? Bi Zaituni akakumbuka mafundisho ya vitabu vyake: kila mtu asimame mbele ya kioo aseme, "Ninastahili." Yeye alisema, akaona haya. Fundi alisema huku akikitazama kidole chake. Mwanahija alisema, hakusikika.

"Basi aende aliyechoka zaidi," fundi alisema.

Mwanahija akanong'ona, "Kaka, hata kuchoka nako tushindane?"

Walikitengeneza kitanda ili kuzicheka kelele za ushindi, na bado kilikuwa kinawaamsha. Nje, dereva akapiga honi.

Je, wewe ungeamua vipi? Aende aliyechana tumaini lake, aliyeharibu mkono wake, au aliyepoteza sauti yake? Fomu hii hapa, kalamu hii hapa. Andika jina moja. Ila nakuomba, ndugu yangu, na ninajua umechoka: usiandike la kwako.