Kaburi la Vifaranga wa Bi Kishingo

Hapo zamani za kale, wanangu, kuku walipokuwa na nyumba zao na mafiga yao, alikuwepo kuku mmoja mjane, Bi Kishingo. Alilima kishamba chake cha mahindi, akalea vifaranga wake, lakini raha hakuiona.

Chini ya ghala lake alihamia Panya Buku na ukoo mzima. Kutwa kucha ni kutafuna tu: kacha, kacha, kacha! Akiwagombeza, wanamjibu, "Tunaonja tu, bibi!"

Kama hilo halitoshi, asubuhi moja akapita Kicheche, mwenye meno makali na harufu isiyosemeka.

"Bi Kishingo, watoto wamenona! Mchana nakuja kula. Usijisumbue kupika, nawapenda wabichi."

Bi Kishingo angepigana kwa silaha gani, mdomo? Akalia kidogo, akafuta machozi, akamwita jirani yake Bata, wakanong'onezana. Kisha akawaambia wanawe, "Laleni chali, miguu juu. Atakayetikisika ataliwa!"

Mchana Kicheche akaja, huku anajilamba. Lo! Akakuta mkeka umetandikwa uani, vifaranga wamefunikwa kanga, vijiguu vimekakamaa. Bata analia, "Kwaa! Kwaa! Maskini watoto wa watu!"

"Kuna nini hapa?"

"Kideri, jirani yangu!" Bi Kishingo akajibwaga chini. "Kimewafagia wote. Na mimi mwenyewe homa ndiyo hii. Njoo unishike, nakufa!"

Kicheche akarudi nyuma. "Pole, pole sana. Basi mimi niwaache..."

"Utuache uende wapi?" Bata akamdaka. "Mwanamume umefika msibani, kaburi halijachimbwa! Unataka tuchimbe sisi wanawake? Asiyezika, naye hazikwi!"

"Na wasipozikwa leo," Bi Kishingo akaongeza kwa kwikwi, "upepo utakipeleka kideri mpaka kwako."

Mara, chii! Kitindamimba akapiga chafya. Bi Kishingo akazidisha kilio.

"Nini hiyo?" Kicheche akatumbua macho.

"Roho ndiyo inamtoka, maskini!" Bi Kishingo akadakia. "Fanya haraka, jirani. Chimba pale chini ya ghala, udongo wake laini."

Kicheche akaona haya, akaona na hofu. Akachimba. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Jasho likamtiririka. Bi Kishingo alichungulia kwa jicho moja, kilio kinaendelea, na moyoni anamwomba Mungu.

Ghafla, bu! Udongo ukatitia, Kicheche akadondokea katikati ya sebule ya Panya Buku, wenyewe wamekaa wanakula.

"Mwizi! Mwizi!" akafoka Panya Buku, mahindi ya watu yamemjaa mashavuni. Akamrukia, akamng'ata pua. Ng'wa!

"Uwiii!" Kicheche akainua mkia. Fyuuuu!

Wanangu, harufu ile msiiulizie! Panya wakachomoka mkubwa kwa mdogo, wanakohoa, wanapigana vikumbo. Wakavuka mto, na hakuna aliyerudi hata kuchukua punje.

Kicheche naye akatambaa nje, machozi yanamtoka, pua imevimba kama kiazi. Vifaranga kumwona vile wakashindwa kujizuia. Wakainuka na kanga yao, "Piyo! Piyo! Piyo!" mbavu hawana.

"Mama yangu! Maiti wanacheka!" Kicheche akapiga yowe, akatoka nduki, akapita kwenye ua wa miiba bila kutafuta mlango.

Bi Kishingo alifurahi mpaka akataga yai palepale msibani. Bata akapiga vigelegele, mkeka wa matanga ukageuka mkeka wa karamu, wakala mahindi huku wameziba pua.

Basi nanyi mkumbuke: mnyonge mwenye maadui wawili hapigani nao, huwakutanisha.