Neno Moja Ukurasa wa Thelathini na Moja

Wahenga hawakuona haya walipotuachia methali hii: mficha uchi hazai. Maana yake i wazi, na wenye staha watanisamehe. Mwenye shida akiwaficha wale wanaoweza kumsaidia, asitarajie kupata anachokitafuta. Atabaki na shida yake na aibu yake vilevile. Anayedhani kwamba methali hiyo inawahusu maharusi peke yao, na asome habari za mwandishi mmoja wa hadithi za upelelezi, mtu mzima mwenye mke, miwani na mvi mbili tatu.

Majirani walimbandika jina la Mpelelezi, naye hakulikataa. Kwa miaka minne alikuwa akiandika riwaya kuhusu mfanyabiashara wa vitambaa aliyeuawa ghalani mwake. Fahari yake kubwa ilikuwa jinsi alivyomficha muuaji. Muuaji mwenyewe alikuwa dada wa marehemu, lakini kitabu kizima kilimwita "yeye" na "mtu yule", na lugha yetu, Mungu aibariki, haisemi kama "yeye" kavaa suruali au gauni. Polisi wa kitabuni walikimbizana na wanaume kurasa mia mbili. Mpelelezi alipozisoma alijichekea peke yake, hata mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea sebuleni, akasimamisha mashine kumtazama.

Jumatatu asubuhi mswada ukarudi kutoka kwa mhariri, na juu yake kikaratasi: "Muuaji anajulikana ukurasa wa thelathini na moja. Nipigie simu nikueleze. Ukirekebisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana, tutachapa. La sivyo nafasi yako nampa mwingine, na sioni lini utapata nyingine."

Mtu mwingine angeichukua simu hapo hapo. Mpelelezi aliitazama simu kama mtu anayemtazama mdai wake. Yeye, bingwa wa mafumbo, afumbuliwe fumbo lake mwenyewe? Hata! Mkewe alipomuuliza wamesemaje, alijibu, "Marekebisho madogo tu." Kisha akautia mswada kabatini, chini ya makoti, akafunga, na ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi wa cherehani.

Jumanne aliusoma ukurasa ule mara arobaini. Hapo muuaji anampigia simu mjane kumpa pole, huku kajiziba mdomo kwa leso ili sauti isitambulike. Labda leso ndiyo iliyomponza, akafikiri, akaibadilisha ikawa taulo. Labda kikohozi, akakifuta. Labda mvua, akaianika dunia nzima kwa jua kali. Jumatano akamwingiza mtunza bustani mwenye macho mabaya, ili wasomaji wapate wa kumshuku, na alipoona hilo halitoshi akawaua mpishi na shahidi. Kwake yeye kuua kulikuwa rahisi kuliko kuuliza.

Basi maiti wawili wapya walihitaji sumu. Alhamisi asubuhi akaenda duka la dawa la mtaani na kumwuliza muuza dawa, kwa sauti ya chini, ni kitu gani hakina ladha kikitiwa kwenye chai.

"Cha panya?" muuza dawa akauliza.

"Cha mtu. Lakini sitaki afe upesi."

"Mtu gani?"

"Hiyo ni siri," akajibu Mpelelezi, na kwa kweli alidhani amejibu vizuri.

Muuza dawa akavua miwani, akasema bidhaa hiyo imekwisha, tena imekwisha nchi nzima. Mpelelezi aliporudi nyumbani alimkuta mkewe kasimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, mikono kiunoni. Nyuma yake alikuwa dada wa Mpelelezi, ambaye alikuja kujaribisha gauni na sasa alikuwa amechomekwa pini kila upande.

"Muuza dawa kanipigia," mkewe akasema. "Ananiuliza, 'Shemeji, mnaishi vizuri na bwana?' Nikamwambia vizuri tu. Akaniambia basi leo usinywe chai."

"Kaka," dada mtu akadakia, "kama kuna msiba niambie mapema, hili gauni lishonwe jeusi."

Mpelelezi alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Miaka minne ilikuwa inamponyoka, imebaki siku moja, na yeye alikuwa amechoka mpaka mifupani. Akaketi, akauvua ule ufunguo.

"Kitabu changu kinakufa," akasema. "Kuna kosa ukurasa wa thelathini na moja, silioni. Niliona aibu kusema. Nilitaka mseme nimeweza peke yangu."

Mkewe hakumcheka. Alimtazama, akaona kweli mtu wake anaumia. "Ulete huo mswada hapa," akasema.

Wakaketi mezani, mke akisoma kwa sauti, dada akisikiliza kwa uangalifu kwa sababu ya pini. Mwandishi alifumba macho kama mtu anayetumbuliwa jipu. Kurasa zikapita. Ndipo mkewe akafika pale pa simu: "'Pole sana,' sauti ilisema kupitia taulo. 'Jikaze, wifi.'"

Akamwangalia dada mtu. Wote wawili wakaangua kicheko, wakacheka hadi pini zikamchoma dada mbavuni, akawa analia na kucheka kwa pamoja.

"Muuaji ni mwanamke," mkewe akasema alipopata pumzi. "Tena ni dada wa marehemu."

Mpelelezi akafumbua macho. "Umejuaje?"

"Si kamwita mjane wifi. Mwanamume gani anamwita mtu wifi?"

"Mimi namwita mkeo wifi," dada akaongeza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Wewe umewahi kumwita nani wifi?"

Hakuwahi kumwita mtu. Sasa akakumbuka. Mwanzoni aliandika "Jikaze, mama," lakini "mama" lilikuwa limekwisha kutokea mara tatu ukurasani humo, na mwalimu wake wa zamani alimkataza kurudiarudia neno. Alipotafuta jingine, "wifi" likaja lenyewe, kwa kuwa yeye alikuwa anamjua msemaji. Kwa siku tatu alifua leso, akaanika mvua, akachinja watu, na neno lenyewe limekaa palepale likimtazama.

"Basi nimwandike nani? Shemeji?"

"Hapo utakuwa umetudanganya," dada akasema. "Wasomaji wakifika mwisho watakutukana."

"Rudisha 'mama'," mkewe akasema. "Mara nne, mara kumi, nani anahesabu?"

Akalikata neno. Mpishi na shahidi wakafufuliwa mchana uleule bila ya kuhitaji sumu yoyote. Mtunza bustani naye alitaka kumfukuza, wakamzuia, maana macho yake yaliwapendeza. Tena hawakuishia hapo. Dada aligundua kwamba marehemu, aliyekufa sura ya kwanza, alikuwa anakunywa maji sura ya tisa. Mpelelezi alishukuru, akafuta, hakubisha hata mara moja.

Ijumaa saa tano alikuwa mbele ya mhariri. "Lilikuwa wifi," akasema.

"Ndilo. Ningekueleza Jumatatu kwa dakika moja," mhariri akajibu. Akampa mswada msichana wa mapokezi, ambaye hakuwa ameusoma, waone kama atamgundua muuaji.

Wiki moja baadaye simu ikalia. "Amemaliza," mhariri akasema. "Mpaka ukurasa wa mwisho alikuwa anaapa ni mtunza bustani. Sasa amenuna, hataki kusema nami. Kitabu kinakwenda kiwandani."

Mpelelezi akaweka simu chini. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Akaenda sebuleni, akasimama mbele ya cherehani.

"Mke wangu," akasema, "tumezaa."

"Hongera," mkewe akajibu bila kuinua mguu kwenye mashine. "Na pole kwa uchungu. Ungeanza kusukuma Jumatatu, usingeumia hivyo."

Naye Mpelelezi akaenda jikoni kumpikia chai. Kweli, mficha uchi hazai.