Neno la Mwosha Maiti

Wapokezi wa habari za waja wema wametuhadithia kuwa katika mji mmoja wa Yemen aliishi mwanamke mchamungu, jina lake Lubaba, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake. Alifunga sunna na alikesha akiswali. Ila ulimi wake, Mwenyezi Mungu atusitiri, hakuuweza. Kila alipoonywa alijibu, "Ni mazoea tu, moyoni sina ubaya." Ndivyo tunavyojidanganya wengi wetu.

Akafariki mwari aitwaye Atika, binti pekee wa mjane. Lubaba akamwosha, akamkafini, na alipotoka wanawake wakamuuliza habari za marehemu. Mwosha maiti ameaminiwa. Aibu aionayo huiacha pale pale penye maji. Yeye akasema, "Tumbo lile si la mwari."

Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Jua halijatua mji mzima ulikwisha kujua. Matangani hakuja mtu, na mjane akamlilia mwanawe peke yake.

Ikawa tabibu aliyekuwa akimtibu Atika amerejea kutoka safarini. Aliposikia yasemwayo alihuzunika sana, akamwendea Lubaba, akamweleza kuwa binti yule aliuawa na maradhi ya kujaa maji tumboni.

Lubaba akaingiwa na hofu ya Mola wake. Akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Nilimsingizia. Atika alikufa msafi." Wanawake wakamsikiliza kwa upole, na akiisha kutoka huambiana, "Sasa anamsitiri, kama impasavyo mwosha." Kila alipokana ndipo walipozidi kuamini.

Mwishowe akaenda kwa mjane, akapiga magoti.

"Mama Atika, niwie radhi."

Mjane akasema, "Haki yangu nimekusamehe, kwa ajili ya Mungu. Haki ya mwanangu si yangu kuitoa. Utamwomba mwenyewe, siku mtakapokutana."

Lubaba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiosha maiti na kunyamaza. Mazoea hayakumtoka, ulimi ulipomwasha alijifungia ndani hadi umtulie. Na hakuna siku aliyoacha kuyaogopa mauti, kwa sababu ya yule binti anayemngoja.

Ndugu zangu, ulimi hauna mfupa. Uliyemjeruhi akiwa yu hai, mwendee leo ungali unaijua njia ya kwake. Mola wetu ni Mwingi wa kusamehe, lakini haki ya mja humngoja mja mwenyewe, na huenda tumekwisha kumzika.