Maji ya Ijumaa, Tope la Jumanne

Mama mmoja wa milimani Upare, jina lake Nakiete, alikuwa na kishamba cha maharage na migomba michache, na kila Ijumaa asubuhi maji yalimfikia pale pale alipo. Hakuyafuata. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akayasikia yakiingia mferejini, akamshukuru Mungu aliyempa uhai, kisha akaushukuru mgongo wake uliofanya kazi. Shukrani zake zikaishia hapo. Ndugu zangu, shikeni hapo zilipoishia, maana ndipo penye neno letu la leo.

Maji hayo yalitoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji lililojengwa kwa mawe na udongo juu ya mashamba. Kijito hulijaza, asubuhi hufunguliwa, watu wakamwagilia. Lakini kijito hakileti maji matupu, huleta na tope, na ndiva isiyozolewa tope hugeuka uwanja wa kuchezea mbuzi. Kwa hiyo kila Jumanne pembe ilipigwa, na kila mwenye nguvu akaenda msaragambo, ile kazi ya wote, jembe begani. Mtu akifika miaka sitini alilitundika jembe lake kwenye kigingi ndani ya banda la ndiva, akapigiwa vigelegele, na tangu siku hiyo alipewa maji ya Ijumaa bila kugusa tope tena. Waliotunga desturi hiyo Mungu awarehemu. Walijua mgongo unachoka lakini tumbo halistaafu.

Nakiete alilitundika lake miaka kumi na minane iliyopita. Alistahili, asikudanganye mtu. Alizoa tope akiwa msichana, akazoa akiwa na mimba, akazoa akiwa mjane.

Basi mambo yakaanza kwenda kombo. Vijana wengi waliteremka mijini, na waliobaki hawakuzaa watoto saba kama mama zao. Wazee nao, kwa neema ya hospitali, waliishi, tena waliishi sana, na nani mwenye roho mbaya atalichukia hilo? Banda likajaa majembe yaliyotundikwa, vigingi vikaisha, na Jumanne wakaja watu wachache. Tope likapanda. Ijumaa moja maji yakaishia kwa jirani. Kishamba cha Nakiete hakikuonja hata tone, na maharage ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Mama huyu hakuwa tena na mtoto wa kumtumia chochote kutoka mjini. Maharage yale ndiyo yalikuwa chakula chake mpaka msimu mwingine.

Mkutano ukaitwa ukingoni mwa ndiva. Loo, kelele za siku ile! Huyu alisema jembe litundikwe kwa miaka sabini, yule akasema wazee wapewe maji nusu. Senkondo, mwenye mashamba makubwa ya nyanya, aliyechomeka bomba lake ndivani na asionekane Jumanne hata moja, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: kila mtu achimbe kisima chake nyumbani kwake, na asiyeweza shauri yake. Wazee wakamzomea, vijana wakaguna, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Nakiete akasimama, kidole juu.

"Mnajadili nini ninyi? Maji yangu nimeyaweka humo kwa mikono hii miaka arobaini. Fungueni mpaka chini, mnipe changu!"

Msicheke. Wazee wote waliamini hivyo. Waliamini kwamba kule chini, chini ya maji ya jana na ya juzi, yapo maji ya ujana wao yametulia yanawangoja. Wakampigia makofi. Mwenyekiti, kwa kuchoshwa, akazibua tundu la chini kabisa, na kijiji kizima kikasogea kutazama.

Maji yakatoka, yakapungua, yakaisha, wala haikuchukua muda. Chini palibaki tope kila upande, na kando ya ukuta shimo moja jembamba, lile walilochimba watu wa Jumanne iliyopita. Kumbe maji yote ya kijiji yalikuwa yamekaa ndani ya shimo hilo. Nakiete akangoja maji yake yatokee. Hayakutokea. Yalikwishanywewa siku nyingi na wazee wa enzi za ujana wake, ambao sasa wamelala makaburini. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Lakini pembeni mwa shimo, pale tope lilipochimbuliwa, ukuta wa mawe ulionekana. Akalitambua jiwe moja, bapa, jekundu, alilolibeba mwenyewe akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Halikuwa limesogea hata unene wa kucha. Maji hayakuwa yake. Ukuta ulikuwa wake, na bila huo shimo la Jumanne lisingeshika kitu.

Hapo ndipo Mbonea alipozungumza. Ni jirani yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye kucha zilizoingia tope lisilotoka kwa sabuni.

"Bibi, sikatai kukuzolea tope. Nitakuzolea mpaka mwisho. Nauliza tu, na mimi jembe langu nitalitundika wapi?"

 Nakiete alimtazama yule binti na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Akasema, ahsante Mbonea. Kisha akawageukia wengine wa Jumanne, wote kumi, akamshukuru kila mmoja kwa jina lake. Wawili hakuwajua, na ilimbidi awaulize. Hebu fikirini: miaka kumi na minane anakunywa maji ya watu, na majina yao anauliza!

Baada ya hapo waliendelea kubishana, ndiyo, ila walibishana kama watu wa nyumba moja. Umri wa kutundika jembe ukasogezwa mbele miaka mitatu, isipokuwa kwa aliyevunjika mwili. Kiangazi kikiwa kikali, maji yatapungua kwa wote, wazee kwa vijana. Senkondo akaambiwa ashike jembe au ang'oe bomba, na Jumanne akaja amenuna, na jembe jipya lenye karatasi ya dukani. Na siku ile ile ya mkutano, kabla hawajatawanyika, walilirefusha banda, wakapigilia vigingi kumi na kimoja, kila kimoja na jina la mtu ambaye bado yumo topeni. Hakuna aliyepata yote aliyoyataka.

Mwaka ule Nakiete alivuna pungufu kidogo, akala akashiba. Na Ijumaa, akiyasikia maji mferejini, humshukuru Mungu, huushukuru mgongo wake, kisha huanza: Mbonea, na wenzake, jina kwa jina, mpaka mfereji unyamaze.

Nami nakuuliza wewe uliyekaa kwenye kigoda, na wewe uliye topeni unayeuegemea ukuta uliokuta umejengwa: huyo anayekushikia maji, jina lake unalijua?