Seremala Aliyeisugua Bahari

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo ili wenzetu wa mlangoni nao wapate pa kukaa. Nina kisa leo. Ni cha kutunga, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mwenyewe, na wala usimkonyeze jirani yako.

Palikuwa na seremala mmoja katika mji wa bara, huko ambako watu wanaijua bahari kwa picha za kalenda. Mkono wake ulikuwa na sifa. Kitanda hakitoki kwenye karakana yake mpaka kimepigwa msasa, kikafutwa, kikapigwa msasa tena, kikapakwa vanishi hadi unajiona uso. Mtu akimwambia, "Fundi, inatosha," yeye hujibu, "Kwako wewe. Kwangu bado." Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mmeoana nao.

Huyu bwana alikuwa na mke wa Kipemba, na alimpenda, wallahi alimpenda, mpaka majirani wakawa wanawasema. Mwanamke alikulia ufukweni. Sasa umri umeingia, magoti yamegoma, daktari amekataza safari ndefu, na bahari hajaitia machoni miaka na miaka. Zamani alikuwa akiitaja kila siku. Kisha akaacha kuitaja. Seremala akaona kule kunyamaza ndiko kubaya zaidi, kukamchoma. Akajisemea moyoni: kama mke wangu hawezi kuifuata bahari, basi bahari itamfuata yeye, hapa hapa sebuleni.

Akaunda meza imara ya mninga, akaweka juu yake tangi la kioo. Muuza samaki wa mapambo akampa chumvi ya kuchanganya na maji, mawe ya baharini yenye vitundu vitundu, na mashine ndogo ya kuzungusha maji.

"Na samaki je?" seremala akauliza. "Nataka wale wa njano na wa buluu."

"Samaki bado," muuzaji akamwambia. "Maji mapya yanapendeza macho, lakini hayana uhai. Samaki akiingia sasa, uchafu wake mwenyewe utageuka sumu umuue. Lazima kwanza wazaliwe vijidudu wa kuila hiyo sumu. Wanakaa kwenye mawe, wala huwaoni kwa macho."

"Wanazaliwaje?"

"Tumbukiza kipande cha kamba, wale kamba wa kupika, kioze humo. Kule kuoza ndiko kunakowalisha. Halafu ngoja. Maji yatachafuka, mawe yatafanya utando wa kahawia, utaona aibu mbele za watu. Usiguse! Nitakuja kuyapima mimi, na yakiwa tayari nitakwambia."

Haya. Seremala akatumbukiza kamba wake, akaketi kungoja. Nyinyi mmewahi kungoja kitu ambacho hakionekani kama kinakuja? Kila jioni akitoka kazini, anainama mbele ya kioo, anatazama maji. Majirani wakipita dirishani wanamtania, "Fundi, siku hizi unafuga maji? Yanakula nini?" Mwingine akamuuliza kama maji yake yameshataga. Naye anacheka nao, lakini moyoni yanamuingia.

Kisha yakatimia yale aliyoambiwa. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Mawe yakavaa utando wa kahawia, unateleza, na kioo nacho kikashika madoa. Mkono wa seremala ukaanza kumuwasha. Akamwambia mkewe, "Nivumilie, mke wangu. Yatapendeza tu."

Mkewe akajibu, "Yaache hivyo hivyo, mume wangu. Mie hayaniudhi."

Seremala akadhani ni adabu tu, kwamba mwanamke anamsitiri mumewe. Na sisi wanaume tuna ugonjwa huo. Mke anakwambia neno waziwazi kabisa, wewe unatafuta maana nyingine.

Idi ikakaribia. Zikaja habari kwamba kaka zake mke wanakuja kutoka Pemba kumtazama dada yao. Loo! Hapo seremala akaliangalia tangi lake kwa macho ya mashemeji. Watu wa baharini waje waikute bahari yake imevaa matope? Akakimbia kwa muuza samaki.

"Nipe samaki wangu."

"Bado kidogo tu, fundi. Nakusihi."

"Wageni wangu hawatayangojea maji yako!"

Aking'ang'ania mtu mzima utafanyaje? Akapewa samaki. Akarudi nyumbani, mkewe yuko kwa jirani anapakwa hina. Nafasi hiyo! Akayamwaga maji yote. Akachukua brashi, sabuni ya unga na maji ya bomba, akayasugua yale mawe moja moja kwa ustadi wake wote. Aliposema "inatosha", na safari hii aliisema mwenyewe, mawe yalikuwa meupe kama meno ya mtoto. Akachanganya maji mapya ya chumvi, akawatia samaki. Tangi likang'aa, nyumba nzima ikapendeza.

Mashemeji wakaingia. "Mashaallah! Shemeji, umetushinda hata sisi tulioiacha bahari mlangoni." Seremala akatanua kifua. Pilau likaletwa, watu wakanawa, wakala. Sahani hazijaondolewa, shemeji mdogo akauliza taratibu, "Shemeji, huyu wa buluu ana desturi ya kulala ubavu?"

Chai ilipoletwa, samaki wote walikuwa wanaelea. Wageni, watu wenye heshima zao, wakageuza mazungumzo, wakaanza kuulizia mvua za bara.

Walipokwisha kuondoka, seremala alikaa chini mbele ya tangi akalia. Mwanamume mzima, fundi wa kusifika, analia. Mkewe akaja na mkongojo wake, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Nisamehe," seremala akasema. "Nilitaka kukuletea bahari, nimekuletea makaburi."

"Samaki mie sikuwa nawangojea."

"Ulikuwa unangojea nini basi?"

"Sikuwa nangojea kitu. Wewe ukishakwenda karakana, mie nafunua kifuniko, naweka uso wangu pale juu. Yale mawe yako machafu yalikuwa yananuka pwani ya kwetu, maji yakishakupwa. Harufu ile ile, mume wangu. Nikifumba macho namuona mama ameinama anaokota chaza." Akakigusa kioo kwa kidole. "Leo nimefunua, nimekuta sabuni."

Mmemsikia mama huyu? Bahari ilikuwa imekwishafika! Ilifika imechafuka, inanuka, haina hata samaki mmoja wa kuwaonyesha watu, lakini ilifika. Na aliyeisugua ikafa si adui. Ni yule yule aliyeileta, na aliisugua kwa sababu wageni wanakuja.

Sasa tuje kwetu sisi. Mola akianza kuutengeneza moyo wa mja, hauanzi kwa kung'aa. Unaanza kwa kuchafuka. Mtu ameacha pombe, lakini ulimi bado mkali. Ameanza kusali, lakini bado anakosea, bado ananuka sigara yake. Sisi tunafanya nini? Tunachukua brashi. Tunasugua kwa nasaha, tunasugua kwa macho, tunasugua kwa kikohozi kile cha safu ya mbele. Tunataka apendeze upesi, watu wasije wakausema msikiti wetu.

Mwezi huu tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu mzima, mvi ndevuni, ameanza kusali uzeeni. Alikuwa anakaa pale, nguzo ya mwisho. Alikuwa akichanganya rakaa, na suruali yake ina grisi ya gereji. Ijumaa iliyopita alikuwepo. Leo ninatazama, simuoni. Sitauliza ni nani aliyemwambia neno, wala alimwambia nini. Najua aliyesema alikusudia mema, kama seremala.

Tukitoka hapa, wawili watatu twende kwake tukabishe hodi. Msibebe kanzu ya kumpa. Msibebe nasaha. Mwambieni tu kwamba tumemkosa. Na akija na grisi yake, akikosea tena pale pale alipokosea, wewe uliye karibu naye sogea kidogo, bega kwa bega, usali.