Joho la Arkamo Asiyeketi

Simameni, enyi wana wa Dabari, maana habari hii haisikilizwi kwa kuketi. Zamani za mababu, Warumi walipokuwa wamekizungushia ukuta kisima chetu cha pekee ukingoni mwa jangwa, aliishi Arkamo, mwana wa Shenake mfumaji, mjukuu wa Terike mchimba kisima, Fahali wa Jangwa, mtu ambaye tangu utotoni hakutulia mahali pamoja, hata mama yake akamwita Asiyeketi.

Kiu ilikuwa imeanza kuua watoto. Arkamo akaapa mbele ya ukoo, "Sitaketi mpaka wa mwisho wenu anywe!"

Kulipopambazuka akamvizia jemadari wa Warumi njiani. Jemadari alivaa joho la safari la kwao, zito, lisilo mikono, lililoshonwa pande zote likaachwa tundu la kichwa na kofia yake. Na kabla hajatoa mikono chini ya nguo hiyo ashike upanga, Arkamo alikwisha kumkumbatia, akambana kama kuku tengani, akamvua, akamfunga kamba. Akalivaa yeye, akavuta kofia usoni, akaliendea lango. Walinzi wakalitambua joho, wakafungua, ole wao! Akawatupa nje, watu wetu wakamiminika kisimani.

Warumi wa kambini wakaja na mikuki, wakamkuta amesimama langoni, joho limeujaza mlango. Mkuki ukalichana toka shingoni hadi pindoni, ukamchana naye. Hakuketi. Aliwauliza tu watu wetu nyuma yake, bila kugeuka, "Nani bado hajanywa?" Nami moyo haujanitulia hata leo nifikapo hapa.

Warumi waliposhindwa kumpita wakakimbia, naye bado alisimama, damu ikimchuruzika. Shenake akamjia.

"Mama, umekunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu. Keti."

Akaketi, asiinuke tena. Lakini midomo ya mama ilikuwa mikavu, imepasuka, kwa kuwa maji ya kisima yaliishia kwa mtoto aliyemtangulia.

Akalishona joho kwa uzi mwekundu, akashona hadi maji yalipopanda tena kisimani, ndipo akanywa. Akasema, "Asilivae mpiganaji. Alivae atakayetuombea."

Joho lile lilichakaa, likafumwa jingine, na jingine. Ikaja hariri, ikaja dhahabu, lakini utepe mwekundu wa katikati makuhani wetu hawajauondoa. Na kila ibada inapokwisha kuhani husimama ndani ya joho hilo, nasi humwambia, "Tumekunywa, baba. Keti."

Haketi. Kwanza huitazama midomo yetu, mmoja mmoja.